Ombi la Mwongozo wa Kutuma Salamu za Sikukuu

Kwa waandaaji wa hotuba ya Mwaka Mpya ya Rais,
Ikulu ya Kremlin,
Moscow.

Ndugu waandaaji,

YAH: OMBI LA MWONGOZO WA KUTUMA SALAMU ZA SIKUKUU WAKATI WA VITA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi huku Dar es Salaam ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu, maana kumtafutia maneno ya heri mkuu aliye vitani si kazi ya kumwombea mtu.

Nianze kwa pongezi. Desturi hii ya hotuba ya Mwaka Mpya mnayo tangu Brezhnev mwaka 1970. Hotuba inaanzia kule Kamchatka na Chukotka, inavuka kanda 11 za saa, na kila inakofika inawakuta watu wameshika glasi. Huku kwetu ukikatika umeme wakati wa salamu za Rais, ndiyo basi tena mpaka mwakani.

Najua pia kwamba kiti cha kutoa salamu hizo hakijakaliwa na marais peke yao. Usiku wa kuamkia 1992, Gorbachev ameshajiuzulu siku chache nyuma, aliyewatakia watu heri kwenye televisheni alikuwa mchekeshaji, Mikhail Zadornov. Nchi yenyewe ilikuwa imeshakufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kulalamika. Kisha Desemba 31, 2018, kwa jirani yenu Ukraine, mchekeshaji mwingine alitumia dakika za mwisho za mwaka kutangaza kwamba anagombea urais. Huyo mnamfahamu. Tangu Februari 2022 mmekuwa mkimtumia vifurushi kwa njia ya anga.

Sasa nije kwenye hotuba ya Desemba 31, 2022. Mwaka huo mliachana na mandhari ya Kremlin, mkampeleka Rais Putin Rostov-on-Don, makao makuu ya Kanda ya Kijeshi ya Kusini. Nyuma yake mkapanga askari wenye magwanda, wanaume kwa wanawake, nyuso kavu, hakuna wa kukohoa. Akazungumza kama dakika tisa. Akasema haki iko upande wenu, na kwamba nchi za Magharibi zilidanganya kuhusu amani. Glasi za shampeni zikagongwa. (Jengo hilo hilo, Juni 24, 2023, lilitekwa na Wagner, yaani wapiganaji wenu wenyewe. Natumaini mapambo ya sikukuu mlikuwa mmeshayatoa.)

Usiku ule ule wa hotuba, salamu nyingine ilifika Kyiv bila kupitia televisheni. Mkuu wa polisi wa mkoa huo, Andrii Nebytov, alionyesha picha ya kipande cha droni kilichoandikwa kwa mkono, kwa Kirusi: Heri ya Mwaka Mpya. Alisema vipande hivyo viliangukia uwanja ambako watoto huchezea. Nimemfikiria sana huyo aliyeandika. Alitafuta kalamu ya wino mzito, akainamia ile droni, akaandika salamu ambayo anaomba mpokeaji asibaki na macho ya kuisomea.

Lakini salamu iliyonifanya niwaandikie ni ya tatu. Dakika moja baada ya saa sita usiku, kwa saa za Moscow, roketi za HIMARS zilipiga chuo cha ufundi cha mji wa Makiivka, huko Donetsk mnakokalia. Humo mlikuwa mmewalaza vijana walioitwa jeshini, wengi wao wakiwa wa Samara. Wizara yenu ya Ulinzi ilisema wamekufa 63, kisha ikasema 89. Ukraine ilitaja mamia. Na Luteni Jenerali Sergei Sevryukov akajitokeza kueleza chanzo kikuu: simu za mkononi. Vijana waliziwasha kwa wingi wakati zimepigwa marufuku, adui akajua walipo.

Ndugu zangu, saa sita ya usiku wa Mwaka Mpya! Mwanadamu aliye mbali na kwao, wakati huo, anatafuta nini kama si mtandao? "Mama, nipo. Nimekula. Heri ya mwaka." Maneno sita hivi, mama hajamaliza hata kuitikia. Wanablogu wenu wa kijeshi, ambao si watu wa kuipenda Ukraine, waliuliza aliyewarundika watu wote wale kwenye jengo moja pamoja na risasi ni nani. Jibu walilopewa ni kwamba simu ziliwashwa.

Ndiyo maana naomba mwongozo. Rais alipowatakia heri wapiganaji wake, wale wa Makiivka walipaswa kuipokea kwa kifaa gani, maana bwenini hotuba ingeonekana kwenye simu hizo hizo? Na imekuwaje heri ya mtu mmoja ivuke kanda 11 bila kumkwaruza mtu, halafu ya kijana kwa mama yake iitwe chanzo cha vifo 89? Kama salamu za usiku huo zina mwenyewe, semeni mapema, tuwaandikie wenzetu wasijisahau.

Mtauliza mimi wa huku yananihusu nini. Kuna Mtanzania mmoja aliyekuja kwenu kusoma. Akafungwa, na akiwa gerezani akaahidiwa msamaha iwapo angejiunga na Wagner. Aliuawa vitani Ukraine, Oktoba 2022. Wakati mnagonga glasi Rostov, kwao walikuwa bado wanausubiri mwili, na ulirudi Januari 2023. Kwenye zile dakika tisa nilisikiliza kama kuna pole ya wageni. Labda ilikatwa kwa kubana muda.

Nisije nikaonekana sioni mema yenu. Januari 2023, baada ya Patriaki Kirill kuomba, Rais alitangaza kusitisha mapigano kwa saa 36 kwa ajili ya Krismasi ya Waorthodoksi. Bakhmut mizinga haikunyamaza, lakini tangazo lilitoka. Pasaka ya 2025 zikatolewa saa 30. Nimejumlisha: Kuzaliwa na Kufufuka kwa Bwana, saa 66. Kwa viwango hivyo Kupaa kunaweza kupata hata 20, na watakatifu wakagawana zinazobaki. Idi mbili sijazisikia zikitajwa, ingawa wana wa Tatarstan, Dagestan na Chechnya wamo kwenye mahandaki hayo hayo. Waongezeeni chochote.

Desemba 2023 niliona mmemrudisha Rais Kremlin, peke yake, hotuba fupi. Askari wa nyuma hawakuwepo. Siku moja kabla, makombora ya Ukraine yalikuwa yameua watu 25 mjini Belgorod, na makombora yenu yalikuwa yametoka kuua kwenye miji ya Ukraine. Mandhari ilikuwa nzuri, taa zimewaka.

Jibu la ombi hili naomba lije kwa posta. Simu nimeizima mpaka mnipe ruhusa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlipakodi wa Dar es Salaam