Sifa za Bwana Mwenye Magari-Nyumba Mawili

Washairi wa pwani yetu wamekwisha kuusifu mnazi kwa tui lake na makuti yake, na wamelisifu jahazi kwa tanga lake na nahodha wake. Lakini sijapata kuona kalamu iliyojishughulisha na mja mmoja astahiliye sifa kuliko vyote hivyo, naye ni yule Mmarekani ambaye, baada ya kununua gari-nyumba kubwa la kupigia kambi na kuuonja udhia wake wote, tangu bei yake hata matairi yake, alikaa akatafakari, akashauriana na mkewe, kisha akatoka akanunua na dogo. Walimwengu humcheka. Mimi, kwa idhini ya msomaji, nitamsifu.

Kwa faida ya asiyeyajua, gari-nyumba kubwa lina ukubwa wa basi la abiria, urefu wake aghalabu hufika meta 12, na ndani yake mna kitanda kipana, jiko la gesi, friji, choo, bafu, na sebule ambayo ukuta wake mmoja husukumwa nje kwa mota pindi gari linaposimama, ili watu waliozikimbia nyumba zao wasikose nafasi ya viti vya nyumbani. Tangi lake huweza kumeza lita 380 za dizeli, na kila lita hulisogeza kilometa tatu au nne, basi. Dogo ni tela lenye umbo la tone la chozi, linalovutwa na gari la kawaida: ndani mna godoro la watu wawili wasiogombana, na nyuma mna mfuniko unaoinuliwa juu, chini yake pana jiko, hata mpishi husimama nje katika mvua akikaanga mayai huku kichwa chake tu kimesitirika. Choo hakuna. Kubwa lina raha zote ila haliendi kila mahali. Dogo huenda kila mahali ila halina raha. Bwana wetu akiwa ndani ya kubwa, ameshindwa kukata kona ya kituo cha mafuta na nyuma yake honi zinalia, hulitamani dogo. Na akiwa ndani ya dogo, saa tisa za usiku, mvua inanyesha na haja imemshika, hulitamani kubwa. Sisi wengine hutamani tusivyo navyo, na tamaa hiyo imelaumiwa tangu dahari. Yeye hutamani alicho nacho, na hiyo ni daraja ya kukinai ambayo masufii wameitafuta kwa njaa na kukesha.

Fauka ya hayo, tazama insafu yake. Sheria ya Marekani haimruhusu mwanamume kuoa wake wawili, kwa hiyo lile fundisho gumu la kufanya uadilifu baina ya bi mkubwa na bi mdogo, ambalo kwetu limewatoa jasho waume wengi na kuwapa makadhi kazi ya kudumu, lingempita bure kama asingejitwika mwenyewe. Akimchukua bi mdogo msituni mwezi wa Julai, bi mkubwa hubaki nyuma chini ya turubai, na kwa uchungu wake betri humfia, panya huzaa katika mito ya viti vyake, na matairi yake hufanya nyufa yakiwa yamesimama, maana matairi ya magari haya mara nyingi hufa kwa uzee kabla ya kufa kwa safari. Bima ni mbili, na mapaa ni mawili ya kukaguliwa maungio yake, kwa kuwa maji yakipata tundu la sindano huozesha ukuta mzima kabla doa halijaonekana. Baridi ikikaribia, huyatoa maji yote katika mabomba ya kubwa na kusukuma humo dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, kwani asipofanya hivyo mabomba yatapasuka kwa barafu. Na akimaliza huliendea dogo, hulifungua, hulipangusa, hulitafuta ukungu pembe kwa pembe, lisije likasema limebaguliwa. Tena, kwa kuwa katika mitaa mingi jumuiya za wenye nyumba hukataza gari la namna hiyo kuegeshwa mbele ya mlango, bi mkubwa hupangiwa makazi yake mbali, kwa kodi ya kila mwezi, naye bwana humzuru siku za mapumziko kumwashia injini, asije akasusa.

Hata serikali imeingia katika ndoa hii. Sheria ya kodi ya mapato ya huko hukihesabu kuwa ni nyumba kila kitu chenye mahali pa kulala, pa kupikia, na choo. Na riba ya mkopo wa nyumba kuu, pamoja na ya nyumba ya pili, huweza kutolewa katika hesabu ya kodi kwa masharti yake. Bi mkubwa basi, kwa fadhila ya choo chake, anatambulikana na hazina ya taifa. Bi mdogo, kwa kukikosa, hana cheti. Bwana wetu huwalipia wote wawili bila kunung'unika.

Lakini sifa iliyo kuu kupita zote imekaa chini ya gari kubwa, katika tangi la maji ya choo. Mtu huyu alipokuwa nyumbani kwake hakujua, wala hakutaka kujua, maji hayo yanakwenda wapi. Alivuta mnyororo akaondoka na heshima yake. Sasa, baada ya kulipa fedha ambazo zingemjengea mtu nyumba ya mawe Bagamoyo na baki ikatosha harusi, huvaa glavu, hupiga magoti kando ya gari lake la fahari, huunganisha mpira mnene na shimo la kambini, hufungua vali, na husikiliza. Hufungua kwanza tangi la choo, kisha la maji ya kuogea, ili sabuni isuuze mpira; akiugeuza utaratibu huo atajuta yeye na jirani zake. Nyuma yake waungwana wenzake, madaktari wastaafu na mawakili wastaafu, hungoja zamu zao kwa adabu, kila mmoja na mpira wake. Siijui madrasa nyingine inayofundisha unyenyekevu kwa ada kubwa kama hii.

Na asidhani mtu kuwa mapenzi haya hayana nasaba. Wally Byam, muasisi wa yale matela ya alumini yang'aayo ya Airstream, husimuliwa kwamba alianza kuunda tela kwa sababu mkewe hakuridhika kulala hemani bila jiko. Na mwaka 1959 huyo huyo aliongoza kutoka Cape Town msafara wa matela 41 ulioelekea Cairo, ukapita Kenya na Uhabeshi, mkono wa mwanadamu ukisukuma pale mashine iliposhindwa na matope. Katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, ambako magari mengi ya namna hii huundwa, pana hata jumba la kumbukumbu la magari hayo. Mwandishi John Steinbeck naye, mwaka 1960, aliizunguka Marekani na mbwa wake katika gari lenye kibanda mgongoni, akaliita Rocinante kwa jina la farasi wa Don Quixote, akarudi akaandika kitabu. Alikuwa na gari moja tu, maskini. Ndiyo maana alipata wasaa wa kuandika.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimboni Montana, pana barabara iliyomalizwa mwaka 1932, iitwayo Going-to-the-Sun, ambayo uzuri wake huwatoa watu makwao maelfu ya kilometa. Katika sehemu yake ya mlimani gari linalozidi meta 6.4 haliruhusiwi, na kipimo hicho huhesabu na kile linachokivuta. Kubwa limekatazwa kwa urefu wake. Dogo, likiisha kufungwa nyuma ya gari, nalo limekatazwa. Insafu ambayo bwana wetu ameihangaikia miaka yote hutimizwa hapo kwa ubao mmoja wa tangazo: wake wote wawili hubaki kambini, hakuna wa kumwonea mwenziwe wivu, naye huipanda milima kwa gari la kawaida, lile lile alilokuwa nalo kabla hajanunua chochote.

Basi wewe msomaji, iwapo riziki itakufikisha huko, na ukamwona mtu akirudisha nyuma gari la meta 12 baina ya miti miwili, mkewe amesimama nyuma akipunga mikono, na wote wawili wamekwisha kuacha kusemezana, usicheke. Simama upande wa dereva, mahali anapokuona katika kioo, umwelekeze polepole. Akishasimama salama, mpe mkono, wala usimwulize la pili liko wapi.