Kadi ya Baba Shani

Mavyaa wangu alipokuja London Agosti iliyopita kutoka Muheza, alikaa siku mbili dirishani, kisha akauliza kama huku kuna miti. Baba Shani akaliona hilo ni deni.

Alianza na Kew. Alifungua simu, akasoma bei, akanyamaza. Baadaye nikamsikia jikoni akiwasimulia watoto kwamba zamani mtu aliingia Kew kwa peni moja, na siku hizi msimu wa joto mtu mzima mmoja hulipa zaidi ya pauni 20. Akatafuta bustani nyingine ya mimea, ya umma vilevile. Jina lake nalihifadhi.

Langoni akauziwa uanachama. Hesabu ilikuwa nzuri, sikatai: kadi ya familia ya mwaka ilikuwa sawa na kuingia mara nne, kuanzia ya tano ni bure. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na Jumapili. Mvua ikinyesha, twende. Shani akikohoa, twende. Kila tukirudi, Baba Shani alitia alama kwenye kalenda ya jikoni kama mfungwa.

Kadi haikugusa maegesho. Haikugusa keki ya karoti, ambayo kwa bei ya kipande kimoja ningepika karoti wiki nzima. Disemba walipotundika taa mitini, usiku ule ulikuwa na tiketi yake. Sisi wenye kadi tulipewa punguzo dogo na tabasamu. Nikaanza kubeba chupa ya chai na vitumbua, na Mavyaa akitandika kanga yake juu ya benchi bila kumwangalia mtu.

Siwalaumu sana wenye bustani. Kuipasha moto nyumba ya vioo Januari ili mgomba usife si mchezo, na ruzuku ya serikali haitoshi. Lakini njia ya kutokea ilipita katikati ya duka, na hilo mgomba haukuliomba.

Humo dukani ndimo Mavyaa alimosimama ghafla, akavaa miwani. Kwenye rafu palikuwa na vyungu vidogo vya maua ya zambarau, majani yake yana manyoya.

“Hili si lile la kwenye mawe, kule Amani?”

Ndilo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, kwa jina la huyo ofisa. Baba Shani alimsomea mama yake yote hayo kwenye simu. Mavyaa akasikiliza, akauliza bei, akacheka mpaka akashika rafu.

“Mwanangu, mimi hili nalikanyaga nikienda kuteka maji.”

Baba Shani alilinunua. Wanachama walipunguziwa asilimia 10.

Akawa analimwagilia asubuhi na jioni. “Limezoea jiwe, wewe unalizamisha,” Mavyaa alimwambia, akapuuzwa. Wiki ya tatu likaoza shina.

Mavyaa alirudi kwao Januari. Agosti hii benki imekata ada ya mwaka wa pili; kumbe siku ile langoni Baba Shani alikubali kadi ijihuishe yenyewe. Leo ni Jumapili, mvua imeanza alfajiri, na ninamsikia koridoni anauliza viatu vya Shani viko wapi.