Hema la Riyali Kumi
Doha imejaliwa metro yenye nasaba. Treni zake, zilizoanza safari mwaka 2019, zina umbo la kumwigiza farasi wa Kiarabu. Vituo vyake, kazi ya UNStudio ya Amsterdam, vimepindwa dari mithili ya hema la Bedui. Mholanzi kamchorea Bedui hema, na limependeza! Ila hemani mgeni huandaliwa kahawa kabla hajaulizwa atokako. Humu hulipa riyali 2 akabanane na umma, au 10 akae na waheshimiwa. Kisha hutoka nje kiangazi, nyuzi 40 na ushei, atembee. Mabwana wasanifu, wazee wa masoko ya kale walibana vichochoro ili wapate kivuli. Igeni hicho kwanza, farasi atasubiri.