Nasaba Mbili za Kisangani

Mwaka 1887 Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye nasaba yake ya Wettin, kupitia tawi la Saxe-Coburg, ni ya ukoo ulioipata Meissen mwaka 1089, alimpa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, uwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani hii hii. Wali naye alikuwa fundi wa nasaba: kabla ya uwali huo, alipofika Utetera, alimsimulia mzee Kasongo Rushie, mtawala wa huko, kwamba mmoja wa mabibi zake alikuwa binti wa ukoo wa mzee huyo, aliyetekwa zamani, na mzee, kwa furaha ya kumpata mjukuu mwenye bunduki nyingi kiasi kile, akamwachia enzi na pembe zote. Sultani wa Ubelgiji, aliyejimilikisha Kongo nzima pasi na kuikanyaga, hakujisumbua hata kusingizia shangazi.