Sifa za Pini Isiyo na Kazi

Wapo waliosifu dhahabu, na wapo waliosifu ilimu. Mimi leo nimekusudia kuitolea sifa pini ya chipu isiyounganishwa na kitu, ambayo fundi wa ridhaa huipita bila ya kuitupia jicho, akidhani kwamba asiyetumwa hana la kuharibu.

Fadhila yake ya kwanza ni usikivu. Katika chipu ya 4011, yenye mageti manne ya NAND na pini 14, fundi atakaye kugeuza ishara moja tu huitia katika pini ya 1, akaiacha ya 2, pamoja na nyingine sita za mageti yaliyokaa bure, zikielea. Na kwa kuwa kila moja imekingwa ndani kwa utando mwembamba usiopitisha umeme, haina chanya ya kuitii wala hasi ya kuihofu, ikawa kama mzee wa baraza asiyepitwa na habari ya njiani: mvumo wa hezi 50 wa nyaya za ukutani huusikia, na kiganja cha fundi kikikaribia, kabla hata ya kugusa, hukiitikia, hata taa iliyofungwa pini ya 3 ikacheza pasipo kupigiwa ngoma.

Fadhila ya pili ni ukarimu. Isipokuwa 0 wala 1, bali katikati, transista ya juu na ya chini hufunguka nusu nusu kwa pamoja, mkondo ukapita moja kwa moja toka chanya hadi hasi. Hivyo mageti yasiyofanya kazi yoyote huitoa sadaka betri ya mwenyewe, mpaka chipu ikapata joto.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni ulezi. Jamaa yake wa ukoo wa TTL, pini ya 7400, ikiachwa huru hujidai 1, na aghalabu huaminika mpaka siku ya kuonyesha wageni. Ya 4011 haimwahidi mtu lolote, bali humfunza fundi kubadili betri nzima, kufumua lehemu njema na kushuku kapasita zisizo na hatia, hata akapata subira ambayo hakuipata chuoni.

Mahasidi wake wameipangia hila: pini ya ziada ya NAND ifungwe kwenye chanya, kwani ikifungwa kwenye hasi geti hutoa 1 daima na kazi ikafa, ya NOR ifungwe kwenye hasi, za mageti yaliyokaa bure zifungwe upande wowote, na za kutoa tu ndizo ziachwe. Insafu iko wapi? Kwa kipande cha waya kisichofika urefu wa kidole, wamwondolee fundi usiku mzima wa riadha ya nafsi, naye akalale mapema, saketi ikifanya lile tu ililoamriwa!