Heko, Mwenye Nyumba

Panda matatu Kitale uende Bungoma, na kabla hujafika utakuwa umesikia habari ya shamba: nani kauziwa kipande kisicho na hati, nani kampeleka ndugu yake mahakamani kwa sababu ya mpaka. Katika kelele hizo naomba tumsifu mkazi asiyegombana na mtu: kiwavi-mfuko, yule anayening'inia kwenye ua wa saipresi ukadhani ni kijiti kikavu.

Serikali hukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi kicho hicho. Huyu hakungoja. Alipototolewa alijishusha kwa uzi wa hariri, upepo ukamtupa ulikotaka, na alipotua akaanza kujenga. Mchoro hana, wala kibali cha kaunti. Akitua kwenye saipresi, ukuta ni vijani vya saipresi. Akitua kwenye mgunga, hujizungushia miiba. Mwili ukinenepa, huongeza nyumba upande wa mlangoni. Kinyesi hudondokea tundu la chini, na zipo ploti za kupangisha mjini ambazo hazijafikia maendeleo hayo.

Mguse uone adabu yake: huingia ndani, akavuta mlango, kimya, kama mpangaji aliyesikia hatua za lendilodi tarehe 5. Majani yakiisha halalamiki. Hutoa kichwa na miguu sita, akaikokota nyumba yote hadi kwa jirani. Akitaka kujivua ngozi, huufunga mfuko tawini kwa hariri na hapokei wageni.

Lakini bingwa ni mama. Katika spishi nyingi hana mabawa wala hatoki mfukoni. Dume ndiye huruka kumfuata. Mama hutaga humo, hufa humo. Luteni Kanali Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake Kitale mwaka 1926 na kukusanya wadudu hadi alipofariki 1966, angekimbia na wavu kutwa nzima asimnase bibi huyu.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia mahindi ya magharibi, wakapata mikutano, mabango na mawaziri. Kiwavi-mfuko amekausha nusu ya ua wangu bila kutajwa hata redioni. Nilinunua dawa; iliishia ukutani kwake, naye akaendelea kula. Inabidi achumwe mmoja mmoja kwa mkono, kisha achomwe, kazi ambayo nyumbani kwetu hupewa mtoto aliyekataa kuosha vyombo.