Mzigo wa Khocha

Kwetu Bukusu, khocha si mjomba wa kununulia watoto soda tu. Mwaka wa shufwa unapofika, mwezi wa Agosti, mpwa wako atakuja kwako akipiga njuga, kundi la waimbaji nyuma yake, nawe itakubidi uchinje ng'ombe, umvishe kipande cha nyama shingoni, umtolee maneno makali ya kumkomaza, kisha umrudishe kwa babake akatahiriwe alfajiri. Ni gharama, lakini ni gharama inayoeleweka. Kile ambacho wazee wa Bungoma hawakuniambia ni kwamba khocha wa siku hizi, hata akihamia Kitale kulima mahindi, atafuatwa hukohuko na maneno ya Kiingereza.

Mtaala mpya ulipoingia madarasani mwaka wa 2019, tuliambiwa mzazi naye ashiriki masomo ya mwanawe. Dada yangu, anayekaa karibu na Kanduyi, alilitafakari agizo hilo kwa makini, akaamua kwamba mzazi ni mimi. Tangu hapo simu yangu hulia saa mbili usiku, tonge likiwa mkononi.

“Mulembe, khocha. Mwalimu anataka maneno kumi yenye o-u-g-h.”

Nikamtajia through, though, tough, cough, bough na thorough huku ugali ukipoa. Akayaandika. Kisha kikafuata kimya cha mtoto anayesoma alichoandika.

“Khocha, hii cough iko na f wapi?”

Nikamwambia amuulize mwalimu. Mwalimu akamwambia hilo ni swali la kuuliza nyumbani. Nyumbani, bila shaka, ni Kitale.

Mimi ni mkulima. Herufi na tarakimu ninazozihitaji maishani ni H614, tena ziko tayari kwenye mfuko wa mbegu wa Kenya Seed, kampuni iliyozaliwa papa hapa Kitale mwaka wa 1956. Mfuko huo haujawahi kuniuliza f iko wapi.

Baadaye likaja swali la maneno yenye q isiyofuatwa na u. Aliyelibuni ana kinyongo na mtu, sijui ni nani. Nikanunua bando nikaingia mtandaoni, maana siku hizi kuna programu za kazi hiyo: unaziandikia herufi zako, zinakumwagia maneno. Nikapewa qi, suq, qanat na qadi. Qadi! Yaani kadhi, huyuhuyu wa kwenye katiba yetu, amekwenda Uingereza akabadilishiwa herufi, kisha akarudishwa Bungoma kama homuweki. Mwalimu akayatia mkasi yote manne, eti si Kiingereza. Na ni maneno halali kabisa kwa wacheza Scrabble, watu ambao ndio walioziwekea herufi bei.

Bei yenyewe ilianzia kwa Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi miaka ya 1930. Alikaa akahesabu herufi magazetini, aone ipi inatumika sana na ipi ni adimu, na hesabu hiyo ndiyo iliyozaa mchezo. E ikapewa vibao 12, alama moja moja. Q ikapata kibao kimoja, alama 10. K nayo ikapata kibao kimoja, alama 5. Ishike hiyo K, nina kesi nayo.

Wanaoumudu mchezo huo si watu wa kawaida. Mwaka wa 2015 Mnigeria Wellington Jighere alitwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand akashinda ubingwa wa Kifaransa ilhali Kifaransa chenyewe hakisemi. Alikariri tu orodha ya maneno. Nilimsimulia dada habari hiyo ili aelewe kwamba kuwinda herufi ndani ya maneno si kujua lugha, na kwamba watoto wanasumbuliwa bure.

“Basi kariri,” akanijibu.

Likizo ya Desemba ndiyo hunimaliza. Huwa naenda Bungoma kuwachukua watoto, na ndani ya matatu wana mchezo mmoja tu: nambari za magari. Gari likipita, herufi tatu za mwanzo zitafutiwe neno la Kiingereza linalozibeba kwa mpangilio uleule, hata kama zimetengana. Anayeshindwa anawanunulia wenzake mahindi ya kuchoma Kamukuywa. Kwa kuwa wao hawana hata shilingi, anayeshindwa ni mimi.

Hadi Webuye mambo huwa sawa. KCN ikipita, mdogo anasema kitchen. KBD ni keyboard. Safari ya mwisho lori la miwa lilijikokota mbele yetu, KBZ, nami kwa mbwembwe zangu nikatamka kibbutz. Ikabidi nihutubie kilimo cha Israeli hadi Misikhu.

Kisha yakaanza magari ya KD. KDM, kingdom. KDN, kidney. KDU, kudu, yaani tandala. KDP ni kidnap, na mtoto alipolipaza neno hilo dirishani, mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akawauliza watoto wanaenda wapi na mimi ni nani wao. Kondakta naye akapunguza muziki ili asikie jibu.

Sasa kesi yenyewe. Nani aliamua kila gari la raia nchini lianze na K? Najua nchi inaitwa Kenya. Lakini Kiingereza kinaiogopa K, ushahidi ni kile kibao kimoja cha Butts, na sisi tumeibandika mbele ya kila matatu kutoka Vanga hadi Lokichogio. Halafu herufi I na O hazitumiki, zisije zikadhaniwa ni 1 na 0. Kwa hiyo KDO, ambayo ingetupa kudos bila jasho, haipo barabarani.

Kiswahili kingeimaliza kazi hii kabla matatu haijajaa. KDG, kidogo. KDL, kidole. KDN, kidonda. KDS, kudadisi. Hata KDV, sisi tunayo kudadavua. Nikapendekeza tubadilishe lugha. Wakakataa katakata: mwalimu hakusema Kiswahili. Kibukusu hata sikukitaja. Enzi zetu ukinaswa ukikisema shuleni, ulivishwa kibao shingoni ukashinda nacho hadi umnase mwenzako umvishe yeye. Shingo ya Mbukusu imebeba mengi, nyama ya khocha ndiyo nyepesi.

Tulipokaribia Kiminini tukapitwa na gari jeupe, KDQ. Watoto wakaniangalia. Nikawaangalia. Tangu siku hiyo nimepekua kamusi, nimemaliza bando, nimemuuliza mwalimu mstaafu jirani yangu, mtu aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote, naye akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wake hawajakamuliwa. Neno lenye K, kisha D, kisha Q, sijalipata, na barabara ya Kitale imejaa magari ya KDQ. Msomaji, ukilijua, tafadhali lilete kabla shule hazijafungwa. Mahindi ya Kamukuywa si ya bure.